Kihisi joto kinaposema uongo kwenye Linux: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetumia Linux kwenye kompyuta ya mezani, laptopu au seva, akaandika amri `sensors`, kisha akakuta namba zisizoingia akilini. Karibu kila swali hapa chini nimeshaulizwa, mengine na mtu yuleyule mara mbili.

Kabla hujaendelea, jua kwamba namba unayoiona imepita mikono mitatu. Kuna kihisi chenyewe, kuna chipu inayopokea umeme wa kihisi na kuugeuza namba, halafu kuna draiva ya kerneli inayoamua namba hiyo ina maana gani. Kihisi chenyewe ni nadra kukosea. Tatizo huwa kwenye chipu, au kwenye draiva, au kwa aliyechora madabodi na kuacha mguu wa chipu bila kuuunganisha na kitu chochote.

AUXTIN (mstari wa kihisi cha ziada cha madabodi) inasoma digrii 127. Nizime mashine haraka?

Usizime. Weka kiganja nyuma ya feni inayotoa hewa. Kama ndani kungekuwa na kitu chenye digrii 127, pua ingekuambia kabla ya kiganja.

127 ni namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa baiti moja yenye alama ya kujumlisha na kutoa, na ndogo kuliko zote ni -128. Ukiona mojawapo ya hizo mbili, karibu kila mara unaangalia mwisho wa hesabu tu. Namba nyingine za ajabu, kama 118 au -60, nazo mara nyingi hutoka kwenye mguu usiounganishwa na kitu. Chipu ya Nuvoton kama NCT6779D ina miguu kadhaa ya kupimia joto. Mtengenezaji wa madabodi anaunganisha miwili au mitatu, iliyobaki inaning'inia. Draiva `nct6775` haina njia ya kujua upi umeunganishwa na upi umeachwa, kwa hiyo inasoma yote na kukuletea kitu kama hiki:

```
nct6779-isa-0290
SYSTIN:    +36.0°C
CPUTIN:    +41.5°C
AUXTIN0:  +118.0°C
AUXTIN1:  +127.0°C
AUXTIN2:   -60.0°C
AUXTIN3:   +33.0°C
```

SYSTIN hapo inaeleweka. AUXTIN1 na AUXTIN2 ni takataka bila ubishi, na AUXTIN0 haina dalili nzuri. Inayonisumbua mimi zaidi ni AUXTIN3: 33 ni namba inayoaminika, lakini huenda nayo ni mguu mtupu uliobahatika kuokota umeme wa kiasi hicho. Mwongo anayetaja namba ya kawaida ndiye mgumu kumkamata.

Sasa nitajuaje kipi cha kweli na kipi cha uongo?

Kipimo cha kwanza ni chumba. Kitu kilicho ndani ya kasha linalopozwa na feni hakiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayopulizwa humo. Dar es Salaam mwezi wa pili, mchana, chumba kisicho na kiyoyozi kinapita digrii 30. Kihisi kinachosema 16.8 hapo hakihitaji hata kesi.

Kipimo cha pili ni kazi. Fungua terminali mbili. Kwenye moja andika `watch -n 1 sensors`, kwenye nyingine `stress-ng --cpu 0 --timeout 180`, halafu tazama nani anaamka kwanza. Kihisi kilicho ndani ya prosesa kinaruka ndani ya sekunde moja au mbili, na kinashuka vilevile kazi ikiisha. Kilicho kwenye madabodi karibu na prosesa kinafuata polepole, dakika moja au mbili nyuma. Diski inajivuta zaidi. Mguu mtupu ama hautikisiki kabisa, ama unarukaruka bila kujali kazi.

Nilijifunza hili kwa gharama. Mteja aliniletea kompyuta ya mezani ya mtumba, programu ya kwenye skrini inasema CPU iko 94. Nikafungua, nikapuliza vumbi, nikabadilisha pesti ya joto. 94. Nikanunua pesti ya bei kubwa zaidi, nikabadilisha tena. 94 ileile, haikupanda wala kushuka hata nukta moja, iwe mashine inafanya kazi au imekaa bure. Hapo ningepaswa kushtuka tangu siku ya kwanza, kwa sababu joto la kweli halitulii. Ile programu ilikuwa inasoma AUXTIN na kuipa jina la CPU. `coretemp`, draiva inayosoma kihisi cha ndani ya prosesa, ilikuwa inasema 43 muda wote. Pesti ya pili nililipa kwa mfuko wangu.

CPUTIN inasema 41, lakini Core 0 inasema 62. Nimwamini nani?

Core 0. Hiyo inatoka ndani ya prosesa kupitia draiva `coretemp` kwa Intel. CPUTIN mara nyingi ni kipande kidogo kilichobandikwa kwenye madabodi jirani na soketi, na kwenye baadhi ya madabodi hakijaunganishwa na chochote kinachohusu prosesa. Ukiona mstari ulioandikwa `PECI Agent 0`, huo pia unatoka kwa prosesa yenyewe kwa njia ya kidijitali, na utakwenda sambamba na Core.

acpitz (joto linaloripotiwa na bayosi) inasema 27.8 asubuhi, mchana na usiku. Imekufa?

Haijawahi kuwa hai. Bayosi hutoa joto kwa Kelvini, kwa sehemu za kumi. Aliyeandika bayosi ya mashine yako alitakiwa kuweka msimbo wa kwenda kuuliza kihisi, akaweka namba ya kudumu: 3010, yaani Kelvini 301. Kerneli inatoa 2732, inabaki 278, unaona 27.8. Ukiona 29.8 isiyosogea, hiyo ni 3030. Ukiona 16.8, hesabu mwenyewe.

Kwenye laptopu nyingi acpitz ni ya kweli kabisa na inasogea vizuri, kwa hiyo usiihukumu kwa jina lake.

Diski ya NVMe inaonyesha kikomo cha chini -273.1 na cha juu 65261.8. Hii ni nini?

NVMe pia inahesabu kwa Kelvini. Mtengenezaji hakuweka vikomo, kwa hiyo cha chini kimebaki 0 na cha juu 65535, namba kubwa kuliko zote kwa biti 16. Toa 273.15 kwa kila mmoja, utapata hizo ulizoziona. Joto lenyewe, mstari wa Composite, liko sawa. Endelea na shughuli zako.

Je, `sensors-detect`, programu inayotafuta chipu za vihisi, ni salama?

Leo, kwa mashine ya kawaida, ndiyo, mradi ukubali jibu inalopendekeza kila swali kwa kubonyeza Enter na usijifanye shujaa.

Hofu ina historia yake. Miaka ya mwanzo ya 2000, baadhi ya laptopu za ThinkPad za IBM zilikuwa na chipu ya kumbukumbu ya Atmel, 24RF08, yenye hitilafu: ukiipigia hodi kwa namna fulani kwenye basi la SMBus (waya zinazounganisha chipu za madabodi), iliharibu data yake yenyewe, na mashine haikuwaka tena. Kupiga hodi ndiyo kazi ya `sensors-detect`. Draiva ya `i2c-piix4` ikawekewa ukaguzi wa kukataa kabisa kufanya kazi ikikuta mashine ya IBM ya aina hiyo.

Programu inatafuta kwa njia mbili, na hazilingani kwa uhakika. Kwenye bandari za Super I/O (chipu ya madabodi inayosimamia vihisi na feni), kwa kawaida 0x2e na 0x4e, inauliza chipu "wewe ni nani?" na chipu inajibu kwa namba yake ya utambulisho. Hapo makosa ni machache. Kwenye basi la I2C au SMBus mambo ni ya kubahatisha zaidi. Anwani hazitoshi, vifaa vinagawana anwani zilezile, na chipu nyingine hazina namba ya utambulisho kabisa. LM75 ya zamani ni mfano mzuri: haina rejista ya kujitambulisha, kwa hiyo programu inaangalia tu kama rejista zake zinafanana na za LM75, kisha inakisia. Jina lenyewe la mradi, lm_sensors, linatokana na chipu hizo za LM za National Semiconductor.

Ushauri wangu: ikikuuliza kama ipekue mabasi ya I2C ya kadi ya michoro, kataa. Huko kuna skrini yako inayojieleza kwa kompyuta kwa waya huohuo, na matokeo ni vihisi vya kufikirika.

Imegundua lm75 kwenye mashine ambayo najua haina. Nifanye nini?

Kwanza angalia ripoti iliipa imani kiasi gani. Kila ugunduzi una alama ya uhakika, na alama ndogo kwa chipu ya zamani kwenye mashine mpya ni kisio tu. Kisha iondoe:

```
sudo modprobe -r lm75
echo "blacklist lm75" | sudo tee /etc/modprobe.d/vihisi.conf
```

Halafu nenda kafute jina hilo mahali `sensors-detect` ilipoliandika. Kwenye Debian na jamaa zake ni `/etc/modules`, kwenye Fedora ni `/etc/sysconfig/lm_sensors`. Watu wengi wanasahau hatua hii, wanawasha upya, wanakuta moduli imerudi, wanadhani amri ya kwanza haikufanya kazi.

Viini vyote vya Core 2 yangu vinasoma digrii 15 zaidi ya inavyostahili. Kwa nini zote kwa pamoja?

Kwa sababu kosa liko kwenye msingi wa hesabu. Kihisi cha Intel hakisemi "mimi niko digrii 50". Kinasema "nimebakiza digrii 50 kufika kikomo". Kikomo hicho kinaitwa TjMax, na draiva ndiyo inayoondoa kiasi kilichobaki kwenye kikomo ili kupata joto. Kama draiva inaamini kikomo ni 100 na ukweli ni 85, kila kiini kitasoma 15 juu, wakati wote, bila kuyumba.

Prosesa za tangu kizazi cha Nehalem cha 2008 zinatangaza TjMax yao zenyewe, na tatizo hili limekwisha kwa kiasi kikubwa. Core 2 na Atom za mwanzo hazitangazi, draiva inakisia kwa kuangalia aina ya prosesa. Ukijua namba sahihi kutoka hati za Intel, mwambie:

```
sudo modprobe -r coretemp
sudo modprobe coretemp tjmax=85
```

Ujue pia kihisi hiki kimetengenezwa ili kiwe makini karibu na kikomo. Mashine ikiwa imepoa, tofauti ya digrii kadhaa kati ya Core 0 na Core 1 si ya kugombania.

Ryzen yangu inapata moto digrii 20 zaidi ya ya rafiki yangu, feni ni ileile.

Muulize rafiki yako anasoma Tctl au Tdie. Tctl ni namba ya kuongozea feni, na kwenye baadhi ya prosesa AMD waliiongezea makusudi: digrii 20 kwa Ryzen 1600X, 1700X na 1800X, digrii 10 kwa 2700X, na 27 kwa Threadripper za vizazi viwili vya mwanzo. Tdie ni joto la kipande chenyewe. Draiva `k10temp` inajua nyongeza hizi na inaziondoa, lakini kerneli iliyotoka kabla ya prosesa yako haiwezi kuijua. Kwenye prosesa zisizo na nyongeza, Tctl peke yake inatosha.

Na ukiwa na AMD ya zamani ya soketi F au AM2+, `k10temp` inakataa kupanda. Kuna hitilafu inayojulikana kwenye silikoni, AMD wameipa namba 319, inayofanya kihisi kitoe namba za kubahatisha. Unaweza kuilazimisha kwa `force=1`. Utapata namba, ila sijui utazifanyia nini.

`modprobe nct6775` inasema "Device or resource busy". Nimesoma kwamba niweke `acpi_enforce_resources=lax`. Niweke?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu refu lina faida.

Chipu ya Super I/O ina rejista mamia lakini dirisha moja tu la kuhudumia. Dirisha hilo ni bandari mbili. Kwenye 0x295 unaandika namba ya rejista unayoitaka, kwenye 0x296 unapokea kilichomo. Hatua mbili, na chipu haikumbuki nani aliagiza nini. Sasa bayosi nayo ina msimbo wake wa ACPI unaotumia dirisha hilohilo. Tuseme draiva imeagiza rejista ya joto, na kabla haijapokea, bayosi ikachomekea na kuagiza rejista ya feni. Draiva inanyoosha mkono, inapewa kasi ya feni, inaisoma kama joto. Ndiyo ile unaona digrii 45, 45, 45, 112, 45. Kusoma ni nafuu. Wakigongana wakati mmoja anaandika, thamani inaweza kuingia kwenye rejista isiyo yake, na baadhi ya rejista hizo ni za kasi ya feni.

Kwa hiyo kerneli ikiona bayosi imedai bandari hizo, inaikatalia draiva. Kwenye `dmesg` (kumbukumbu za kerneli) utakuta onyo la ACPI lenye anwani 0x295. `lax` ni kumwambia kerneli akae pembeni.

Fuata mpangilio huu. Kwanza panda kerneli mpya. Tangu 5.16, `nct6775` inaweza kuzungumza na chipu kwenye madabodi nyingi za ASUS kupitia WMI, yaani inamwomba bayosi amsomee badala ya kugombania dirisha, na tatizo linaisha bila `lax`. Kuna pia draiva `asus-ec-sensors` kwa baadhi ya madabodi hizo. Kama chipu yako ni ya kampuni ya ITE, draiva `it87` ina kigezo `ignore_resource_conflict=1` kinacholegeza draiva hiyo moja tu, bora kuliko kulegeza mashine nzima. `lax` iwe ya mwisho, kwa mashine ya nyumbani, na kwa kusoma tu. Kwenye seva ya kazi mimi siiweki. Ninasoma joto la prosesa na diski, zinatosha.

Na `force_id`?

Ni kumwambia draiva "chipu hii usiyoifahamu, ichukulie kama ndugu yake". Watu wanaitumia sana na `it87`, kwa sababu chipu mpya za ITE hutangulia draiva. Ikiwa kweli ni ndugu, inafanya kazi. Ikiwa si ndugu, joto litasomwa mahali pa volti. Ukijaribu, tazama tu. Usiguse faili zozote zinazoanza na `pwm` (za kuongoza kasi ya feni), usiwashe `fancontrol`, na usiandike kigezo hicho kwenye `/etc/modprobe.d` hadi umekaa nacho siku kadhaa.

Nimeshajua zipi ni za uongo. Nazifichaje?

Tengeneza faili kwenye `/etc/sensors.d/`, jina lolote:

```
chip "nct6779-*"
    label temp1 "Madabodi"
    label temp2 "Karibu na soketi"
    ignore temp3
    ignore temp4
    ignore temp5
```

Namba za temp zipate kwa `sensors -u`, usizikisie kwa mpangilio wa skrini.

Kuficha huku kunahusu programu zinazopitia maktaba ya libsensors peke yake. Programu inayosoma `/sys/class/hwmon` moja kwa moja itaendelea kuona 127 na kupiga kelele usiku.

Kuna kesi ambapo kihisi kimeunganishwa vizuri lakini chipu imeambiwa ni cha aina nyingine: ni themista, inakisoma kama dayodi. Dalili yake ni namba inayosogea kwa kufuata joto, ila iko mbali na ukweli. Jaribu `set temp2_type 4` kwenye faili hilo, ambapo 4 ni themista na 3 ni dayodi, kisha `sudo sensors -s`. Si kila draiva inakubali.

Skripti yangu ilikuwa inasoma hwmon2 vizuri. Nimesasisha kerneli, sasa inasoma diski.

Namba za hwmon zinagawiwa kwa mpangilio wa kufika, na mpangilio haudumu. Tafuta kwa jina:

```
for h in /sys/class/hwmon/hwmon*; do
  echo "$h $(cat $h/name)"
done
```

Na `temp1_input` iko kwa elfu za digrii. 43000 ni 43. Nimeshaona mtu ameweka kengele ilie ikipita 80, ikalia siku nzima.

Mashine inajizima, kumbukumbu zinasema "critical temperature reached". Nina uhakika haijapata moto.

Hakikisha kwanza huo uhakika, kwa feni na vumbi. Ukiridhika, anzisha mara moja na kigezo cha kerneli `thermal.nocrt=1`, kinachozuia kerneli kuchukua hatua kwa vikomo vya ACPI. Ikiwa sasa inakaa saa nzima huku `coretemp` au `k10temp` ikionyesha joto la kawaida, kosa ni la bayosi, na dawa ya kudumu ni kusasisha bayosi. Prosesa za Intel na AMD zina kinga yao ya kujizima isiyotegemea Linux, lakini hiyo haikingi diski wala betri, kwa hiyo usikiache kigezo hicho hapo milele.

Wifi inaandika N/A.

Imezimwa. Iwashe.

Mashine pepe haionyeshi kihisi hata kimoja.

Haina. Pima kwenye mashine mwenyeji.

Diski ya SATA haimo kwenye orodha.

`sudo modprobe drivetemp`. Draiva hii imo tangu kerneli 5.6.

Nimejaribu yote. Nikiomba msaada nitume nini?

Jina la madabodi, `sudo dmidecode -s baseboard-product-name`. Kerneli, `uname -r`. Matokeo kamili ya `sensors` kwa maandishi, usipige picha ya skrini kwa simu. Matokeo ya `sensors-detect`, na mistari ya `sudo dmesg` inayotaja ACPI, nct, it87 au hwmon. Mwisho, nakala mbili za `sensors`: moja mashine ikiwa imekaa bure dakika kumi, nyingine baada ya dakika tatu za `stress-ng`. Bila hizo mbili, anayekusaidia atakuuliza hizohizo kwanza.